Kuku wa Ufipa kwa Viwango: Vidokezo 13 kwa Anayelenga Maonesho

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, uliolinganisha aina tano za kuku wa asili wa Tanzania: Kuchi, Ching'wekwe, Singamagazi, kuku wa Mbeya na wale wa umbo la kati wa Morogoro. Jirani yetu wa Mbeya yumo. Wa Ufipa hayumo. Hakuna haja ya kununa, kuna kazi ya kufanya. Uwanda huu wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, una kuku wake, waliozoea baridi ya Sumbawanga, wanaoatamia wenyewe na kujitafutia riziki kwenye mabua ya mahindi na maganda ya maharage. Wanachokosa ni kufanana, kizazi hata kizazi, mpaka mtu akimwona mmoja kwenye viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya siku ya Nane Nane aseme bila kuuliza: huyu katoka Rukwa. Kazi hiyo inawezekana hata kwenye banda la miti na nyasi. Anza hivi.

1. Jogoo bora haendi sokoni

Hili nimeliweka mwanzo kwa sababu likishindikana, mengine yote ni kupoteza muda. Angalia jinsi kuku wanavyotoka nyumbani kwetu. Ada ya shule imefika, anakamatwa jogoo mkubwa. Mkwe amekuja, anachinjwa jogoo mkubwa. Mchuuzi wa Soko la Mandela amepita na tenga lake, anamnyooshea kidole jogoo mkubwa, na kwa kuwa bei yake ni nzuri, anaondoka naye. Wanaobaki kuwapanda mitetea ni wale ambao hakuna aliyewataka. Mwaka unaofuata inakuwa hivyo hivyo, kisha tunalalamika kwamba kuku wa kienyeji ni wadogo kwa asili yao. Si asili. Tumekuwa tukiwachagua kinyume, miaka nenda rudi.

Kwa hiyo weka mwiko, na familia nzima iujue: majogoo fulani na mitetea fulani hawauzwi, hawachinjwi na hawatolewi zawadi mpaka watoto wao wawe wamekua na kupimwa. Wa ada na wa wageni watoke kwenye kundi lililobaki.

2. Andika kiwango kabla ya kununua chochote

Maonesho ya kwanza ya kuku ya London yalifanyika mwaka 1845, na miaka 20 baadaye, mwaka 1865, Waingereza wakawa na kitabu cha viwango. Wamarekani walitoa cha kwao mwaka 1874. Kabla ya vitabu hivyo kila mwamuzi alikuwa na macho yake, na ugomvi haukuisha.

Wewe huhitaji kitabu. Karatasi moja ya daftari inatosha: uzito wa jogoo na wa mtetea wakiwa na miezi minane, aina ya upanga wa kichwani, rangi ya miguu, rangi ya manyoya, mkao wa mwili, idadi ya mayai kwa mtago mmoja, na kama mtetea anaatamia na kulea. Kisha chagua sifa tatu tu za kuanza nazo. Ukitaka kusahihisha kumi kwa mpigo, kila sifa itasogea taratibu mno na utakata tamaa mwaka wa pili.

Usisahau pia kuwa sifa hazirithiwi kwa nguvu sawa. Rangi na upanga hufuata wazazi waziwazi. Uzito hufuata kiasi. Idadi ya mayai hufuata kidogo sana, kwa sababu chakula, mwanga na afya vina mkono mkubwa, kwa hiyo usimhukumu mtetea kwa mtago mmoja.

3. Acha kishingo bondeni

Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Teremka Bonde la Ziwa Rukwa, Muze au Mtowisa, uko karibu nusu ya kimo hicho na jasho linakutoka. Ni mkoa mmoja wenye hali mbili za hewa, na kuku wanajua hilo kuliko sisi.

Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, ana manyoya pungufu kwa asilimia 30 hadi 40 mwili mzima, si shingoni tu. Kwenye joto hiyo ni neema, kwa sababu anapoa upesi na anaendelea kula. Usiku wa Juni au Julai pale Kaengesa, huku juu, ni adhabu: chakula anachokula kinaishia kupasha mwili joto. Kuku mwenye manyoya yaliyopindika nje naye ana shida hiyo hiyo, na ukimpandisha kwa mwenzake wa namna yake, robo ya watoto hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika ovyo.

Kwa uwanda wa juu mimi ningechagua kuku mwenye manyoya mengi na yaliyolala vizuri, shingo iliyofunikwa, kifua kipana na upanga mfupi. Wafugaji wa bondeni waandike kiwango chao cha kishingo, na kitakuwa kizuri vilevile.

4. Upanga unadanganya, mpime

Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alitumia kuku, na panga zao za kichwani, kuonesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel kwenye mimea zinafanya kazi kwa wanyama pia. Ugunduzi huo una faida bandani kwako leo.

Upanga mfupi wenye mistari mitatu ya vinundu, kama ule unaoonekana kwa Kuchi wengi, una nguvu kuliko upanga mmoja uliosimama wenye meno. Jogoo anaweza kuwa na huo mfupi kichwani huku amebeba ule wa meno kwa siri. Ukimpandisha kwa mtetea mwenye siri kama yake, robo ya vifaranga watatoka na upanga wa meno, nawe utabaki unamsingizia jogoo wa jirani.

Namna ya kumpima ni hii. Mpe mitetea wenye upanga wa meno peke yao. Totoa vifaranga 7 au zaidi. Akitokea hata mmoja mwenye upanga wa meno, jogoo ana siri, mtoe kwenye kundi la uzazi. Wote 7 wakiwa na upanga mfupi, uwezekano kwamba amekudanganya ni 1 kati ya 128. Jogoo wa namna hiyo ni hazina, na kidokezo cha kwanza kinamhusu yeye hasa.

5. Kuchi si njia ya mkato

Kishawishi ni kikubwa. Jogoo wa Kuchi katika utafiti ule wa 2001 alikuwa na wastani wa kilo 2.7 hivi, ana miguu mirefu na kifua cha kuogopwa. Uchunguzi wa vinasaba umewahusisha Kuchi na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki, wakiwemo Shamo wa Japani. Ni kuku wa heshima zake. Lakini ukimmwaga kwenye kundi la Ufipa unapata chotara wakubwa kizazi cha kwanza, na kizazi cha pili wanatawanyika kila mmoja na sura yake. Chotara wa Kuroiler na Sasso vilevile, tena wao wamefugwa kwa ajili ya uzito na mayai, si kuatamia. Ukitaka Kuchi, fuga Kuchi banda lake. Ukitaka kuku wa Ufipa, mtafute Ufipa: nenda vijiji vya ndani ambako chotara hawajafika, uwaone wakiwa huru uani, umwombe mama mwenye nyumba akueleze mama yake na huyo mtetea alikuwaje. Akina mama ndio wenye kumbukumbu ya ukoo wa kuku katika nyumba nyingi.

6. Mshike mkononi, usimhukumu kwa mbali

Jogoo anayetamba uani anaweza kuwa na kasoro sita. Mkamate jioni akiwa ametulia. Pitisha mkono chini ya kifua ili mfupa wa kidari ukae kati ya vidole vyako, miguu ukiishika taratibu kwa vidole hivyo hivyo, kichwa kikiangalia nyuma yako. Sasa anza.

Telezesha kidole kwenye kidari toka mbele mpaka nyuma: kiwe kimenyooka. Kikiwa na pindo, mara nyingi kifaranga alianza kulala mapema kwenye fito nyembamba. Fungua bawa moja kama unavyofungua mkeka, uone manyoya makubwa yamepangana bila pengo katikati. Pengo hilo hurithiwa, na bandani huwezi kuliona bawa likiwa limefungwa. Rudi kichwani: kidomo cha juu na cha chini vikutane, macho yote mawili yawe ya rangi moja na mboni ya mviringo. Shuka miguuni: vidole vinne vilivyonyooka, magamba laini. Magamba yaliyoinuka yana utitiri; paka mafuta ya kula au ya mgando mara kadhaa mpaka yalale. Mwisho mweke chini, simama nyuma yake, tazama mkia. Ukielemea upande mmoja kila mara, huyo ni wa supu.

Kuku wa kasoro za mifupa asizae, hata awe na rangi ya kuvutia kiasi gani. Rangi unaweza kuirekebisha kwa vizazi viwili au vitatu, mgongo uliopinda utakusumbua miaka.

7. Wiki tatu za subira

Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, na huendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili hadi tatu baada ya kutengwa naye. Kwa hiyo ukimleta jogoo mpya leo na kukusanya mayai kesho, hujui baba ni nani. Tenga mitetea wiki tatu, kisha mwingize jogoo uliyemchagua, na anza kukusanya mayai baada ya wiki moja au zaidi. Uzio mdogo wa mianzi au wavu unatosha. Mayai ya kuatamiza yasizidi siku 7, yakae mahali pa ubaridi, ncha nyembamba chini. Mtetea wa kienyeji mpe 10 hadi 12, asizidishiwe.

8. Gawa kundi lako katika koo tatu

Jogoo mmoja kwa mitetea 10 ni desturi ya kila mahali, na kwa mayai ya kula haina tatizo. Kwa uzazi wa viwango ni hatari. Hesabu za wataalamu wa urithi zinaonesha kwamba kundi la namna hiyo, likizaliana lenyewe, linaongeza undugu wa damu kwa karibu asilimia 14 kila kizazi. Ukiwa na majogoo 3 na mitetea 9, yaani kuku 12 badala ya 11, ongezeko linashuka hadi asilimia 6 hivi. Kuku mmoja tu wa ziada, tofauti kubwa. Undugu ukizidi utaona mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu na kuku wanaodumaa.

Utaratibu wake ni rahisi na Wafipa tunauelewa, maana ni wa kuoa nje ya ukoo. Ukoo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mabinti hubaki ukoo wa mama yao. Kila mwaka jogoo kijana wa kwanza anahamia wa pili, wa pili anahamia wa tatu, wa tatu anahamia wa kwanza. Hakuna anayempanda dada yake, na huhitaji kununua damu mpya kwa miaka kadhaa.

9. Kifaranga apate alama siku ya kwanza

Mguu wa kuku una utando mdogo kati ya vidole. Ukitoboa tundu dogo safi kwenye tando nne za miguu yote miwili, unapata alama 16 tofauti, zinazotosha koo na miaka. Fanya siku ya kuanguliwa, chombo kikiwa kimesafishwa kwa spiriti. Akikua mvishe pete ya plastiki ya rangi na uilegeze kadiri mguu unavyonenepa. Daftari liandikwe jioni ile ile: mama, baba, tarehe, alama. Kuku asiye kwenye daftari hana ukoo, hata awe mzuri vipi.

10. Hesabu kutoka tarehe 8 Agosti kurudi nyuma

Kuku wetu hukomaa kwa miezi sita hadi minane. Ili awe na miezi minane siku ya Nane Nane, aanguliwe mapema Desemba. Mayai yanachukua siku 21, kwa hiyo yaatamizwe katikati ya Novemba, na jogoo aingie kwa mitetea kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Kumbe kutenga mitetea kunaanza mwanzoni mwa Oktoba, wakati watu wengine wanawaza mbegu na mbolea tu.

Shida ni kwamba Novemba ndio mvua zinaanza, na vifaranga wako watakua kwenye unyevu mpaka Aprili. Sakafu ikilowa, kuhara damu kunafuata. Badilisha maranda au pumba za mpunga kila zinaposhikana. Joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35, ukilipunguza nyuzi mbili tatu kila wiki. Kama unatumia chungu cha mkaa, washia nje mpaka moshi uishe na uache mahali pa kupitisha hewa, kwa sababu hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua vifaranga na inaua watu.

11. Miguu ya njano inatoka jikoni kwako

Ufipa ni nchi ya mahindi meupe, na mahindi meupe hayana rangi ya kutosha ya kuifanya miguu ya kuku iwe ya njano. Ikiwa kiwango chako kinasema miguu ya njano, toa majani kila siku: mchicha, majani ya maboga, sukuma wiki. Mtetea anayetaga sana hupauka miguu hata akila vizuri, maana rangi inaenda kwenye kiini cha yai. Mwamuzi makini anasoma mguu uliopauka wa mtetea kama ushahidi wa kazi, usimtupe kwa hilo.

Manyoya karibu yote ni protini. Mashudu ya alizeti yapo tele hapa kwetu, na dagaa wa Ziwa Tanganyika kutoka Kasanga au Kirando wanafika mjini. Pumba peke yake haijengi kuku wa maonesho.

12. Chanjo, kisha manyoya, kisha mkono

Mdondo, au kideri, unamaliza banda kwa wiki moja. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo linaloifaa vijijini. Chanja angalau wiki tatu kabla ya maonesho. Panga siku moja na majirani wote, maana kuku wao wasiochanjwa ndio mlango wa ugonjwa.

Unyoya uliovunjika hauoti upya mpaka kuku abadilishe manyoya. Ukiung'oa, unaota baada ya wiki sita hadi nane. Kwa hiyo kagua mkia na mabawa mwanzoni mwa Juni. Julai nzima mshikeshike kila jioni, umzoeshe kukaa kwenye kizimba na kusimama watu wakipita. Kuku anayejibana kwenye kona hata mwamuzi wa huruma hawezi kumpa alama.

Kumwosha: siku mbili au tatu kabla ya safari, saa sita mchana jua likiwaka, maji ya vuguvugu, sabuni laini, suuza mara mbili. Jioni ya Sumbawanga mwezi wa Agosti si ya kumlowesha kiumbe. Paka mafuta kidogo upanga na miguu. Basi.

13. Safari, na kurudi salama

Sumbawanga mpaka Tunduma ni kilomita 220 na ushei, kisha bado Mbeya. Kuku wa viwango hasafiri ameninginizwa kichwa chini kwenye pikipiki. Tumia tenga pana lenye nyasi kavu, wasibanane, majogoo watengane. Mwone afisa mifugo wa kata mapema akueleze kuhusu kibali cha kusafirisha. Peleka jogoo mmoja na mitetea wawili wanaofanana, si umati. Watatu wanaofanana wanasema mengi kuhusu kazi yako kuliko kumi wa rangi zote.

Wakirudi, wasiingie bandani. Uwanjani wamekutana na kuku wa mikoa mingine, na mdondo unaweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla ya dalili. Watengwe wiki tatu, wahudumiwe mwisho baada ya wengine, na viatu vyako visafishwe.

Kisha kaeni kikao, wewe na wenzako. Banda moja haliwezi kubeba aina nzima ya kuku. Ugonjwa ukipita mara moja, kazi ya miaka imekwisha. Mwaka 1979 daktari wa mifugo Naas Coetzee aliona kuku wa kipekee kwa wanakijiji wa Venda, Afrika Kusini, akaanza kuwafuga na kuwaandika. Leo kuku wa Venda wana jina lao na wanajulikana nje ya kwao. Hawakuwa na dhahabu mwilini, walikuwa na watu wanaowatunza kwa kumbukumbu. Wafugaji wa Laela, Matai, Chala na Namanyere, kubalianeni karatasi moja ya kiwango, kila kijiji kishike ukoo wake, na majogoo wabadilishwe kila mwaka baada ya mavuno. Oktoba haiko mbali. Tengeni mitetea.